Mikate Miwili Ukutani

Walitaka kumpikia pilau. Arobaini ya Opa Zulfiya iliangukia Alhamisi, na wanawake wa mtaa wetu hapa Ukunda walikuwa wamekwisha kuketi barazani kwa Mama Fatma wakigawana kazi, huyu kumenya vitunguu, yule kutwanga thomu, yule kwenda kuazima masufuria ya msikitini, na hakuna aliyeniuliza mimi, ambaye ndiye niliyemwosha yule mama na kumvisha sanda. Nikawaambia hapana, Opa hapikiwi pilau, anapikiwa oshi. Mama Fatma ndiye mwenye nyumba wetu, mtu wa watu, ila kwenye mambo ya sufuria kubwa hashauriki. Akaniuliza, "Oshi ndiyo ile pilau ya karoti?" Nikasema ndiyo. "Ile isiyotiwa mdalasini wala karafuu wala iliki?" Ndiyo. "Mwanamisi mwanangu, watu wanatoka makazini na njaa zao waje wamwombee marehemu, nawe wataka kuwalisha chakula cha sungura?" Wakacheka wote, hata yule aliyekuwa akifuta machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira tangu siku tuliyomkimbiza Opa hospitali ya Msambweni na moyo wake ukasimama hatujafika, na hasira yenyewe ilikuwa imekosa mtu wa kumshukia. Maiti humkasirikii. Lakini Mama Fatma alipoongeza kwamba mume wa marehemu amepiga simu, kwamba anakuja kutoka Istanbul, na itakuwa aibu akute mkewe amefanyiwa arobaini ya wali wa karoti, nikajua hasira yangu imepata pa kukaa. Nikasema nitapika mimi. Nikasema na yeyote atakayetia karafuu ndani ya sufuria lile, mimi naye basi.

Sitaki kueleza kwetu ni wapi na nani alimzaa nani. Yatosha kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, hoteli za Diani ndiyo kwanza zinafunguliwa tena baada ya ule ugonjwa uliofunga dunia, na tumbo langu lilikuwa limeanza kuonekana, siku nilipoingia jikoni kwa Opa, neno ambalo kwao ni dada mkubwa, kuomba kazi. Jiko lilikuwa nyuma ya mkahawa mdogo wa makuti, kando ya barabara ya hotelini. Mumewe, Rustam, aliletwa kuwapikia wageni wa nchi za kwao katika hoteli moja kubwa. Hoteli ilipofungwa yeye akabaki, akafungua pake. Kuta za jiko zilikuwa nyeusi kwa moshi mpaka kimo cha mtu, juu yake nyeupe, na kwenye ile nyeupe palikuwa na misumari ya kutundikia vitu. Katikati palikuwa na tanuri alilolijenga Opa kwa mikono yake, udongo wa kichuguu uliochanganywa na manyoya ya mbuzi, limelazwa kama mtungi mkubwa uliokuachamia mdomo. Joto lake lilikupiga usoni ukiwa bado mlangoni. Opa alikuwa mfupi, mnene wa mikono, kitambaa amekifunga kisogoni, mdomoni ana meno ya dhahabu ambayo watoto wa mtaani walimchekesha makusudi ili wayaone. Alinitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Hakuuliza lolote. Alinivuta mkono akanikalisha kwenye jamvi, akatandika kitambaa cha maua mbele yangu, akaweka mkate wa duara, akaanza kumimina chai.

Ile chai nusura initoe kazini kabla sijaanza. Ilikuwa chai ya majani mabichi, haina maziwa, haina sukari, na kikombe hakina mkono, ni kama kibakuli. Akamimina, akairudisha birikani. Akamimina tena, akairudisha tena. Mara ya tatu nikadhani ananifanyia mchezo. Hatimaye akanipa, mkono mmoja ameuweka kifuani, na mle kibakulini mna chai ya kufunika kitako tu. Jamani. Kwetu mgeni hujaziwa kikombe mpaka kimwagikie kwenye kisahani, na hapo ndipo atajua amekaribishwa. Nikaipiga funda moja nikaweka kibakuli chini kwa kishindo, apate kusikia. Akatabasamu, akanitilia tena, kidogo vilevile. Nilipotoka nje nikamwambia Achieng, aliyekuwa akihudumu mezani, "Huyu Mrusi bahili kweli." Achieng akanishika mdomo. "Wewe, usimwite Mrusi, utatwangwa na mwiko. Ni wa Uzbekistani. Na usiniulize hiyo iko wapi, mimi najua tu ni mbali kuliko Kisumu."

Basi nikaingia na hiyo chuki yangu ndogo, na siku moja wakaja wageni wa Rustam, watu wa kwao, na mzee mmoja mwenye kofia nyeusi yenye nakshi nyeupe. Opa alikuwa ameinama tanurini. Nikasema leo nitamwonyesha huyu mama jinsi mgeni anavyotunzwa Pwani. Nikachukua birika nikawajazia wote, pomoni, chai inatetemeka ukingoni, na yule mzee nikamjazia zaidi kwa heshima ya mvi zake. Nikamwambia na shikamoo. Mzee akakitazama kibakuli. Akanitazama mimi. Akachukua kofia yake aliyokuwa ameiweka kando, akaivaa, akaanza kunyanyuka, na wenzake wakaangua kicheko mpaka mmoja akapaliwa. Rustam ndiye aliyenieleza, huku bado akijifuta macho: mwenyeji akikupa kidogo anakuambia kaa, nitakuongeza, tuzungumze, na kila ukimaliza mimi niko hapa kukuhudumia. Akikujazia anakuambia kunywa uende zako. Opa alikuwa amekuja na unga mpaka viwikoni. Alikuwa na Kiswahili cha sokoni, alichojifunzia kwa wauza karoti, na alikisema polepole kama mtu anayechagua mchele. "Kidogo, kaa," akaniambia. "Jaa, nenda." Kisha akanimiminia mimi, mbele ya wageni wote, kidogo, mkono kifuani. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilijifunza pale mambo ambayo shuleni sikufundishwa. Mkate haukatwi kwa kisu, unamegwa kwa mkono, na anayemega ni mmoja kwa niaba ya wote. Mkate haulazwi kifudifudi hata kidogo; niliulaza siku moja kwa haraka, Opa akautengeneza bila neno, kama unavyomfunika mtoto aliyejifunua. Alikuwa na kigongo cha mbao chenye misumari chini, anaugonga unga katikati usiumuke, hivyo mkate ukitoka una kitovu chenye maua na ukingo mnene. Aliubandika kwenye ukuta wa ndani wa tanuri akiwa amevaa mkono wa koti kuukuu, na alijua umeiva kwa harufu. Sambusa zake aliziita somsa na hakuzikaanga, alizibandika mle mle tanurini. Nilimwambia sambusa isiyokaangwa ni mkate wenye siri. Achieng akazipenda, akawa anakula za mteja. Na Alhamisi ilikuwa siku ya oshi. Karoti nilizikata mimi, kwa kisu, nyembambanyembamba, rundo linalonifika kifuani nikiwa nimekaa. Mara moja nilizikwaruza kwenye mbuzi ya karoti nikidhani namsaidia, akazipeleka zote kwa sungura wa jirani na kunirudisha kwenye kisu. Mafuta yakifuka moshi anatia nyama, vitunguu, karoti, bizari nzima ya pilau, maji, na vichwa vya thomu vizima na maganda yake, halafu mchele juu, hakoroji tena mpaka mwisho. Mwisho anapindua yote kwenye sinia, nyama inakaa juu. Kitu kilichomfurahisha kuliko vyote hapa kwetu ni kwamba tulikaa kulizunguka sinia moja tukala kwa mkono. Alisema wageni wa hotelini huomba uma, na yeye moyo unamwuma. Tukimaliza alifungua viganja akaomba, akajipangusa uso, nasi tukajipangusa, hata Achieng, ambaye Jumapili alikuwa anaimba kanisani. "Mimi dua ya chakula sibagui," alisema Achieng.

Ule wa kwanza kati ya mikate miwili ulitundikwa na Rustam. Wageni wa nchi zao walikuwa hawaji tena kama zamani, mkahawa ukawa unakaliwa na nzi, na ndugu yake mmoja alikuwa na jiko kubwa Istanbul. Asubuhi ya kuondoka, mkoba uko mlangoni, Opa alitoa mkate tanurini, ukiwa bado unafuka, akamshikia mdomoni kama anavyolishwa mtoto. Rustam akauma pande moja. Opa akautoboa kandokando, akapitisha uzi, akautundika kwenye msumari ulioko juu ya mlango. Nikamwuliza Achieng ni uchawi gani ule. Opa akasikia. Hakukasirika. Alisema kwao askari akienda jeshini, kijana akienda kutafuta kazi, anauma mkate, na mkate unamsubiri nyumbani mpaka arudi aumalize mwenyewe. "Mkate hapa, yeye anarudi," alisema. "Mkate anaita."

Bakari naye akauma wake. Huyo ndiye baba wa mwanangu. Alikuwa mhudumu wa hoteli, kwao Majoreni, mwenye maneno matamu na mashati yaliyopigwa pasi, na nitampa haki yake, aliponiona nina mimba alinioa. Ndoa ilifungwa barazani, kahawa na tende, ikaisha. Kisha akapata kazi Qatar. Alipokuja jikoni kuniaga, Opa alikuwa amemtayarishia mkate bila kuniambia. Bakari akacheka, akatazama huku na huko kama mtu anayepigwa picha bila kutaka. "Haya, niume wapi?" Achieng akamwambia, "Ungemwachia kidole tungekuwa na uhakika zaidi." Akauma. Opa akautundika kando ya ule wa Rustam. Jioni ile nilipobaki peke yangu nikifagia, niliiangalia ile mikate miwili na alama za meno yao, moja pana, moja nyembamba yenye pengo, na nitasema kweli, niliamini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huamini kitu chochote kinachotundikwa ukutani.

Miezi ile ninaikumbuka kwa simu na kwa unga zaidi kuliko kwa siku. Simu ya Rustam ilikuwa ikilia kila jioni wakati wa kukanda unga, Opa akiiegemeza kwenye gunia aongee huku anakanda. Sikujua lugha yao, lakini unga niliujua. Mwanzoni aliukanda kwa kucheka. Baadaye simu ikawa inakuja mara mojamoja na yeye anaukanda kimya, akisema tu ha, ha, ha, ambayo kwao ni ndiyo, ndiyo, ndiyo. Halafu ikaja siku akaongea kidogo sana na kuupiga ule unga chini mara nyingi kuliko unavyohitaji. Mkate wa siku ile ulikuwa mgumu, wateja wakalalamika. Bakari kwangu alituma ujumbe, kisha akatuma sauti, kisha akatuma alama ya kidole gumba. Nilipojifungua Zuhura katika hospitali ya Msambweni, mwanamke wa kwanza kunifikia alikuwa Opa, na sufuria limefungwa kwenye shuka. Ndani mlikuwa na uji wa unga uliokaangwa kwenye mafuta ya kondoo, mzito, unang'aa. Mamangu alikuwa ameniletea uji wa pilipili manga. Wakatazamana, kila mmoja na sufuria lake, na mimi katikati nimelala kama uwanja wa mpira. "Kwetu mzazi hupewa pilipili manga, inakausha tumbo," mama akasema. Opa akasema, "Kwetu mafuta. Mafuta maziwa." Nikala yote mawili ili amani ipatikane, nikatapika, lakini maziwa yalitoka.

Habari kwamba Bakari amerudi sikuipata kwake. Niliipata dirishani, nikiosha sinia, mtoto mgongoni, Achieng na dereva mmoja wakizungumza nje bila kujua nipo. Dereva alisema amempakia tangu uwanja wa ndege wa Mombasa, na masanduku mengi, na kwamba yuko kwao Majoreni wiki kadhaa sasa, na kuna posa inapelekwa Lunga Lunga. Achieng akasema, "Si ana bibi hapa?" Dereva akasema, "Kuna bibi na kuna bibi." Achieng akamwambia neno ambalo siliandiki. Nikaendelea kuosha sinia. Nililiosha mpaka Opa akaja kunichukua mikono.

Walikuja alasiri moja, Bakari na dada yake Riziki, ambaye nilikuwa nimemwona siku ya ndoa tu. Waliniletea machungwa na nguo za mtoto. Riziki alikuwa mwanamke mkubwa kiumri kuliko Bakari, ameolewa miaka mingi, hana mtoto, na mikono yake ilimwendea Zuhura kabla hajakaa. Opa akatandika kitambaa kile cha maua. Akaweka mkate, zabibu kavu, kashata. Riziki ndiye aliyeongea. "Mwanamisi, tumekuja kwa wema, hatukuja kwa ugomvi. Huyu bwana ameshindwa, nami sitamficha, talaka yako ipo. Lakini mtoto ni damu yetu. Nipe mimi nimlee. Wewe u kijana, utaolewa, na mwanaume hapendi kukuta mtoto wa mwenzake." Nikamwambia bado ananyonya. "Nitamnunulia maziwa ya kopo. Nitamnunulia kila kitu. Mwanamisi, mimi sina," akasema, na sauti ikamkatika palepale kwenye sina. Bakari alikuwa anatazama juu. Aliuona ukuta. "Kumbe bado upo huu?" akasema, akacheka kidogo. "Utakuwa umeota ukungu."

Nataka mtu anayesoma hapa aelewe kwamba nilikuwa nakaribia kukubali. Nilikuwa nalala chumba kimoja na wadogo zangu, mtoto analia kila mtu ananuna, mama ameanza kunitazama kama mzigo uliorudishwa. Na Riziki alikuwa anamtaka kweli. Nilimwona anavyomnusa utosini. Neno la kumpa lilikuwa limeshafika mdomoni, lilikuwa limebaki kutamkwa tu, na niliogopa kwamba nikikataa nitakuja kuwa mama mwenye hasira za kummalizia mtoto. Sikumtazama Bakari. Nilitazama mikono ya Opa kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Alimimina chai, akairudisha. Akamimina, akairudisha. Mara ya tatu akakishika kibakuli cha Bakari akakijaza, akakijaza tena, mpaka chai ikasimama juu ya ukingo. Akakijaza na cha Riziki. Mkono wake mwingine ulikuwa chini, juu ya goti. Haukuwa kifuani. Kisha akachukua kibakuli cha tatu, akanitilia mimi kidogo sana, kitako tu, na mkono ule ukapanda kifuani ukakaa.

"Huyu mama mkarimu," Riziki akamwambia nduguye. "Huko hotelini kwenu nani angekujazia hivi?" Bakari akanywa, akaunguza ulimi, akasema kweli, watu wa mbali wana utu. Opa akawatabasamia na meno yake yote ya dhahabu. Nikajikuta nimemchukua Zuhura kutoka mikononi mwa Riziki, polepole, maana hakuwa na kosa la kunyang'anywa. Nikasema, "Kunyweni chai yenu." Riziki akanishukuru. Nikasema, "Inyweni muimalize, kisha mwende. Mtoto haendi." Kulikuwa na maneno baada ya hapo, mengi, na Bakari alisimama akanyoosha kidole, na Riziki alilia kilio ambacho bado nakisikia ninapomwogesha mwanangu. Lakini walikwenda. Opa alipanda kwenye kiti akautoa mkate wa Bakari ukutani, akauloweka ndani ya beseni, akawapelekea kuku. Hakuutupa. Mkate hautupwi. Aliusimamia mpaka ukaisha.

Nikamwuliza, "Na ule wa pili?" Akautazama mkate wa Rustam. Tulikuwa tumekwisha kujua sote, hata Achieng, kwamba Istanbul kuna mwanamke na kuna chumba kimewekwa mapazia mapya; ile siku ya unga mgumu ndiyo aliyoambiwa. "Ule bado," akasema. Na hilo ndilo jambo ambalo sijamsamehe. Huyu mwanamke alisoma mtu kwa kumtazama anavyoinua kikombe. Mume wangu alimfukuza bila neno, katika lugha ambayo Bakari mwenyewe hakuijua, akafukuzwa huku anashukuru. Wa kwake akamwachia mlango wazi mpaka anakufa. Mkahawa ulifungwa, tukahamia huku Ukunda kwenye kijumba cha Mama Fatma, tukawa tunauza somsa na mikate barabarani, na kitu cha kwanza kuhamishwa, kabla ya kitanda, kabla ya sufuria la chuma, kilikuwa ule mkate, ameubeba mwenyewe kifuani ndani ya kitambaa. Ulikuwa umekauka ukawa kama kigae. Mchwa hawakuutaka. Niligombana naye juu yake kila mwaka. Nilimwambia, "Opa, unamsubiri nani?" Akaniambia, "Karoti, Misi. Kata karoti."

Basi Alhamisi ile nilikata karoti. Wanaume kwao ndio wapikao oshi ya matanga, lakini hapakuwa na mwanaume. Achieng alikuja kutoka Likoni kunisaidia, na Mama Fatma alikaa pembeni na mkebe wake wa mdalasini mapajani, kama askari mwenye bunduki asiyeruhusiwa kupiga. Watu walisoma, waliomba, walikula. Wakaongeza. Mama Fatma akalamba vidole akasema, "Si mbaya. Inataka iliki, lakini si mbaya."

Rustam alifika alasiri, jamvi limeshaanza kukunjwa, kijumba hakina mtu ila mimi na Zuhura. Alikuwa amezeeka. Koti la baridi amelishika mkononi, jasho linamchuruzika, hajui aliweke wapi. "Misi," akasema. "Umekuwa mtu mzima." Nikamwitikia. Nikampa maji ya kunawa, nikamtilia oshi niliyokuwa nimemwekea, maana mtu aliyefiwa hanyimwi chakula, hata huyo. Alikula kwa mkono, taratibu, akanitazama akasema, "Karoti ni za kisu." Nikasema ndiyo. Alilia juu ya lile sinia, na nakiri kifua changu kililegea. Alisema kaburi ameonyeshwa. Alisema alikuwa akipanga kuja, kila mwaka alikuwa akipanga. Kisha akainua macho, akauona, juu ya mlango, na alama za meno yake.

"Bado upo," akasema.

Maneno yaleyale ya Bakari. Akasimama, akanyoosha mkono kuutoa msumarini. Alisema kwa desturi anatakiwa aumalize, ataulowanisha kwa chai, ataula wote mbele yangu, ili Zulfiya apumzike. Nilimwona anavyotaka. Alitaka kuketi kwenye jamvi la mkewe, chini ya paa la mkewe, ale mkate aliokuwa ameachiwa, halafu aondoke akiwa mtu aliyerudi.

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Unywe chai."

Akakaa. Nikaleta birika na kibakuli cha Opa, kile chenye maua ya pamba kwa rangi ya buluu. Nikamimina, nikairudisha. Nikamimina, nikairudisha. Mara ya tatu nikaanza kujaza, na mkono wangu wa kushoto nikauweka juu ya goti. Nilijaza mpaka chai ikafika ukingoni, nikaendelea, mpaka ikasimama juu ya ukingo inatetemeka, nikamsogezea. Rustam alikitazama kile kibakuli muda mrefu. Hakuwa Bakari. Alijua kusoma. Rangi ilimtoka usoni kidogo kidogo, kuanzia mdomoni.

"Nani amekufundisha?" akauliza.

"Mkeo."

Akakiinua kwa mikono miwili. Ilimwagikia vidole na ilikuwa ya moto, lakini hakukitua. Aliinywa yote, hakuacha hata majani. Alifungua viganja, akajipangusa uso, akachukua koti lake. Mlangoni alipita chini ya ule mkate bila kuinua kichwa, na nikasikia viatu vyake mpaka kwenye lami.

Nilidhani hasira ingeondoka naye. Haikuondoka. Nilipanda kitini nikautoa mkate, nikautia kwenye beseni la maji, na ulikaa mle ukielea, haulowani, alama za meno juu. Zuhura alikuwa amekaa pale alipokuwa amekaa mgeni, akataka chai naye. Nikamtilia. Akachungulia ndani ya kibakuli, akaninunia.

"Mbona mimi kidogo?"

"Kunywa," nikamwambia. "Nitakuongeza."